Nani Alibeba Majani?

Hotuba iliyotolewa mwishoni mwa Desemba katika ukumbi wa kijiji, Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mbele ya wenyeji na wanakijiji waliorudi nyumbani kwa Krismasi.

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, wazee wetu, viongozi wa dini, ndugu zangu mliopanda kutoka Dar, Arusha, Mwanza, na ninyi wa mbali zaidi mnaojikunyata kwa baridi utadhani hamkuzaliwa hapa: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Itifaki imezingatiwa, nisije nikamruka mtu halafu nikasemwa mpaka Pasaka.

Katibu alinipigia akaniomba nizungumzie maisha ya utotoni vihambani, ili watoto wetu hawa wanaokula ndizi za kununua wapate kusikia. Nikamwambia nitakuja, lakini sitazungumza kama walivyozungumza kaka zangu walionitangulia. Kila Desemba anasimama mzee mmoja hapa, anatusimulia kahawa. Kahawa ilivyotujengea nyumba za bati, kahawa ilivyomsomesha fulani mpaka Makerere. Na ni kweli tupu. Ila mwaka huu mmempa kipaza sauti mwanamke aliyestaafu ualimu, nami nitasimulia majani ya ng'ombe.

Naona vijana mnacheka. Ngojeni.

Kwanza niwaeleze watoto kihamba kilikuwaje. Nyumba katikati, imezungukwa na migomba. Chini ya migomba kuna kahawa. Chini ya kahawa kuna magimbi, na pembeni viazi vikuu vimepanda juu ya miti. Juu ya vyote hivyo imesimama miti mirefu, mringaringa na mruka, inatoa kivuli na kuni, na mizinga ya nyuki imening'inizwa humo. Mpaka wa jirani ni ua wa masale. Mtu alikuwa anapata ekari moja na nusu hivi, na hapo hapo anakula, anauza, anachinja, anazika. Wataalamu wa mimea waliokuja kuhesabu walikuta katika vihamba vya mlima huu zaidi ya aina 500 za mimea. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likakiandika kihamba cha Shimbwe Juu, hapo Uru kwa majirani zetu, katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Watu wa Uru wametuwahi, tukubali.

Sasa swali langu. Ardhi ile ile, ekari ile ile moja na nusu, inazaa ndizi na kahawa miaka nenda rudi, bila kupumzishwa, bila mfuko wa mbolea ya dukani. Ilikuwa inakula nini?

Ilikuwa inakula samadi. Samadi ilitoka kwa ng'ombe. Na ng'ombe wetu, kama mnavyojua, hakuwa wa kuchungwa. Alikaa ndani. Kwa bibi yangu alikaa ndani ya nyumba hasa, upande mmoja yeye, upande mwingine sisi na jiko, na usiku ungemsikia anacheua huku perere, yule mnyama mdogo wa mitini, analia msituni ile sauti yake ya kukwaruza iliyotufanya tujifunike blanketi mpaka kichwani. Ng'ombe asiyetoka nje lazima aletewe. Na huku juu hapakuwa na mahali pa kukata majani ya kutosha, maana kila kipande kilikuwa kihamba cha mtu. Kwa hiyo majani yalitoka kwenye ile nusu maili, ukanda wa msitu ulioachwa kwa matumizi ya wanakijiji, au yalitoka kule chini tambarare, karibu na barabara kuu ya kwenda Arusha. Kutoka chini kuja juu hapakuwa na gari. Yalipanda juu ya vichwa vya wanawake na wasichana.

Kaka zangu, msikasirike. Nanyi mlikuwa na kazi zenu: kuzibua mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, kupogolea kahawa, kupanda juu ya miti kukata matawi, kulinda ndizi. Lakini majani hamkubeba. Mvulana kuonekana na mzigo wa majani kichwani ilikuwa aibu, na mliikwepa hiyo aibu kwa bidii sana.

Siku za shule tulikata ya karibu, kingo za njia na kingo za mfongo. Jumamosi ndiyo ilikuwa ya tambarare. Tulitoka giza halijaisha, kundi la wasichana, mundu kiunoni na kamba ya katani imeviringishwa begani. Kushuka ni kuimba. Majani mazuri yalikuwa yanajulikana na kila mtu alikuwa na pahali pake pa siri, akimwona mwenzake anakaribia anasogea upande mwingine kama hakuona kitu. Unakata, unapanga. Kupanga ndiyo elimu yenyewe. Majani marefu yanakaa nje, mafupi ndani, vichwa vinapishana, halafu unafunga kamba mbili na kukaza kwa goti. Mzigo uliofungwa ovyo unalegea ukifika katikati ya mlima, na ukilegea unakuziba macho, huoni unapokanyaga. Kisha unasokota kata ya majani makavu ya mgomba, unaiweka utosini.

Halafu kuna kutwishana. Mzigo ule huwezi kuupandisha peke yako. Mwenzako anashika upande, wewe unashika upande, mnahesabu, unaingia chini yake. Wewe ukishatwishwa huwezi tena kumtwisha mtu, kwa hiyo daima alibaki mmoja wa mwisho. Huyo alitafuta ukingo wa korongo uliomfikia kifuani, akauegemeza mzigo pale toka mwanzo, akaufungia hapo hapo, kisha akainama akaupokea kwa kichwa na kusimama taratibu, mkono mmoja umeshika mzizi. Wa mwisho kwa kawaida alikuwa yule mwenye nguvu kuliko wote, na hakuna aliyewahi kumteua. Ilijulikana tu. Nimekaa vikao vingi vya shule na vya serikali tangu wakati huo, vyenye ajenda na posho. Sijaona kazi ikigawanywa kwa haki kuliko pale ukingoni.

Kupanda hakuna nyimbo. Shingo inazama, jasho linaingia machoni na huwezi kulifuta. Njia hii hii mnayopandisha magari yenu mkilalamikia mashimo, sisi tulikuwa tunaijua kwa nyayo. Ukifika nyumbani unautupa mzigo mlangoni, ng'ombe anageuka, na mama anautazama. Hasemi ahsante. Anautazama kwa jicho la mtu anayepima kama utafika Jumatatu.

Na haya majani sasa mfuate safari yake. Ng'ombe anakula, anatoa maziwa na samadi. Asubuhi tunazoa samadi na makapi aliyoyakanyaga, tunapeleka kwenye shina la mgomba. Mgomba unatoa ndizi, na unaifunika kahawa kwa kivuli. Mkungu ukikatwa, shina la mgomba linakatwakatwa, linarudi kwa ng'ombe, maana wakati wa kiangazi lile shina lina maji. Mabua ya mahindi na maganda ya maharage kutoka mashamba ya chini nayo yanapandishwa. Yaani kila wiki rutuba ya tambarare ilikuwa inahamishwa kuja huku juu, mzigo kwa mzigo. Kaka zangu wakisema kahawa ndiyo iliyojenga Kilimanjaro, mimi nauliza kahawa nayo ilisimama juu ya nini.

Nisije nikaonekana naidharau kahawa. Nimeichuma sana. Wamisionari Wakatoliki waliileta Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na wazee wetu waliishika wenyewe wakati walowezi wengine walikuwa wanataka Mwafrika asiiguse. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ambayo bado ina jengo lake pale mjini Moshi. Chuo cha Ushirika kilipofunguliwa Moshi mwaka 1963 hakikuangukia hapa kwa bahati.

Lakini mtoto aliijua kahawa kwa vidole. Unachuma nyekundu tupu, ndoo imefungwa kiunoni. Ukichanganya na mbichi utarudishiwa uzichague mpaka jioni. Usiku wake baba anaweka mashine ya kumenyea karibu na maji, mmoja anazungusha mkono wa mashine, mwingine anamimina, mwingine anaondoa maganda. Punje zinatoka zimevaa ule utelezi. Unaziacha kwenye pipa zichachuke, siku moja au mbili kutegemea baridi. Baba alikuwa anaingiza mkono, anasugua kiganjani na kusikiliza. Zikiwa bado zinateleza kimya, anafunika. Zikianza kukwaruzana kama changarawe, tunaamshwa, hata kama ni alfajiri na maji ya mfongo yanauma mifupa, kwa sababu ukichelewa zinanuka na daraja linashuka. Baada ya hapo ni kuanika kwenye vichanja, na mtoto mmoja hapotei machoni pa vichanja, mvua ikitia dalili anapiga kelele na nyumba nzima inakimbia na nailoni.

Kwenye chama cha msingi, karani alipima, akaandika, akatoa risiti. Risiti ilikuwa na jina la baba. Kuna malipo ya awali, kuna malipo ya pili, na siku zilipotangazwa kijiji kizima kilinuka nyama na mbege. Ndizi zilikuwa za mama. Aliuza mkungu sokoni akanunua chumvi, mafuta ya taa, daftari, na kalamu ambayo baba hakujua imetoka wapi. Ada ilisemekana imelipwa na kahawa. Madaftari yalilipwa na ndizi, na hilo halikutangazwa.

Chakula nisikisahau, watoto nimewaona mmeanza kusinzia. Mtori wa ndizi mshare na nyama ya mfupa, ule uliosongwa mpaka hauna kidonge. Kiburu, ndizi na maharage, cha siku ya kazi nyingi. Ndizi mbivu zilipikwa mbege, zikachanganywa na kimea cha ulezi na gome la msesewe la kuipa uchungu, na sisi watoto tulipewa togwa yake kabla haijakomaa. Angalau ndivyo tulivyoambiwa, kuwa haijakomaa. Kuna mchana mmoja wa Ekaristi nililala chini ya mkahawa mpaka jua likazama na nilikuwa na miaka saba.

Sasa nije kwenye lililonileta. Kila mwaka mkirudi mnauliza, mbona vihamba vimechoka? Mbona mikungu imekuwa midogo, mbona kahawa imekauka? Na majibu huwa mawili, matatu.

La kwanza, bei. Ni kweli. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980 vikiwa vimedhoofika. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliogawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ukavunjika na bei ya dunia ikaporomoka. Miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, ruzuku ya dawa ikaondoka, na kahawa zetu za zamani hazistahimili ugonjwa wa chulebuni bila kupigwa dawa. Mzee akipiga hesabu anaona dawa inazidi mauzo. Akang'oa, akapanda mahindi juani. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu, hapo jirani, kina miche inayostahimili ugonjwa huo. Mnaotaka, njia mnaijua.

La pili mnalotaja ni theluji. Mnatazama juu Kibo, kilele cha mlima wetu, mnasema barafu imeisha ndiyo maana mfongo umekauka. Barafu imepungua, hilo halina ubishi. Kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipotea kama asilimia 85. Lakini mito yetu haikuwa inaishi kwa barafu. Maji mengi ya mlima huu yanatoka kwenye mvua inayonyesha msituni na kunyonywa na ardhi ya msitu. Msitu ukiumia, mfongo unaumia. Na mfongo usiozibuliwa unakauka hata mto ukiwa umejaa, kwa hiyo kabla hatujamlaumu Kibo tujiulize nani amezibua banio, pale maji ya mto yanapoingizwa mfongoni, mwaka huu.

La tatu halitajwi kabisa, nami nalitaja. Majani hayabebwi tena. Wasichana tulisoma, tukaolewa, tukaajiriwa, tukaondoka. Ashukuriwe Mungu, sitaki binti yangu arudi kwenye mzigo ule, na mama yeyote humu anayesema enzi zile zilikuwa nzuri namwomba aguse shingo yake. Ila tulipoondoka sisi, ng'ombe akauzwa. Alipouzwa ng'ombe, samadi ikakatika. Baada ya hapo mgomba uliishi kwa akiba miaka michache, ukaanza kurudi nyuma. Ninyi mnakuja na mifuko ya mbolea siku mbili kabla ya Krismasi, mnamwaga, mnapiga picha. Kihamba kilikuwa kinalishwa kila siku.

Na kwa nini tuliondoka bila kuangalia nyuma? Kijana mmoja wa kiume, wa kwanza, alipewa shamba. Mwingine, kitinda mimba, alibaki na kihamba cha baba. Msichana aliyepandisha udongo wote ule kichwani aliambiwa kihamba chake kiko kwa mume wake. Dada yangu aliyekuwa daima wa mwisho kutwishwa aliachika, akarudi nyumbani, akaonyeshwa kona ya kulima mchicha kwa ruhusa. Kwa ruhusa! Kwenye udongo ambao nusu yake aliuleta yeye. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Imetimiza zaidi ya miaka 20, na bado kuna vikao vya ukoo vinavyoisikiliza kama habari ya nchi jirani. Wazee wangu, nawaheshimu, na nimekuja na jani la sale mkononi kama desturi inavyotaka mtu anapowaomba wakubwa jambo zito. Hili hapa. Nalikabidhi kwa mzee wa ukoo mbele yenu.

Kuna vihamba humu kijijini vimefungwa mageti ya chuma. Nyumba nzuri, vioo, mlinzi mmoja na mbwa wawili, hafungui mtu isipokuwa Desemba. Migomba imezeeka mle ndani hadi inaangukia ukuta. Na ng'ambo ya ukuta kuna mjane au binti aliyerudi, hana pa kupanda shina moja. Siombi mgawe urithi leo. Naomba mumwachie alime, kwa maandishi, kwa miaka inayotosha mgomba kuzaa na kahawa kukomaa, siyo kwa msimu mmoja halafu ukipata mpangaji unamtoa. Pandeni mabingobingo na majani ya Guatemala kwenye kingo zote, kama wengine walivyoanza, ng'ombe apate kula bila mtu kushuka tambarare. Na anayetaka kijijini pabaki kijani kwa ajili ya picha zake, achangie ng'ombe mmoja wa maziwa kwa nyumba moja, ndama wa kwanza wa kike apite kwa jirani. Mpango wa namna hiyo tunaujua, tumeuona ukifanya kazi makanisani.

Kuhusu mfongo. Zamani siku ya kuzibua waliitwa wanaume tu, na asiyefika alitozwa faini, mbege au mbuzi kwa kadiri ya kosa. Sisi tuliochota maji yale kila alfajiri hatukuruhusiwa kusema neno juu ya zamu. Kamati ya sasa ina wanawake, mimi mwenyewe nimo, na tumekubaliana kuwa Jumamosi hii saa moja asubuhi tunapanda hadi kwenye banio. Majembe na sururu viko ofisi ya kijiji. Wanaorudi Dar Ijumaa, nimeshaona majina yenu kwenye orodha ya mabasi, wawaachie ndugu zao hela ya kibarua, na katibu ataandika nani ametoa na nani hakutoa. Vijana mliokuja na viatu vyeupe, azimeni mabuti.

Mwenyekiti, kipaza sauti hiki hapa. Aikeni sana.